Ukuta ulijengwa, mlango ukaachwa wazi: historia ya pare-feu katika kompyuta ya nyumbani

Tarehe 25 mwezi wa kumi mwaka wa 2001, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilianza kuuza Windows XP, sistemu ambayo baadaye iliingia katika mashine za dunia nzima, hadi zile za sekretariati za mitaani mashariki mwa Kongo. Ndani ya kila XP kulikuwa na ukuta wa kuzuia wavamizi wanaopitia intaneti. Mnunuzi hakuombwa kulipa kitu cha ziada ili aupate. Lakini ukuta huo ulitoka kwa Microsoft ukiwa umezimwa. Mwenye mashine ndiye alipaswa kuutafuta na kuuwasha, na watu wengi hawakujua hata kama upo.

Hali hiyo ilidumu karibu miaka mitatu, na katika muda huo mamilioni ya kompyuta ziliingiliwa. Leo ukuta huo huo, ukiwa umeboreshwa, unatoka umewashwa tayari. Ajabu ni kwamba sasa watu wenyewe ndio wanaouzima: kijana anataka mchezo ufunguke, fundi anataka imprimante ya jirani ionekane, mwingine anaweka programu ya wizi inayomwambia aondoe ulinzi kwanza. Kazi inakwisha, ukuta unabaki umezimwa, na hakuna anayekumbuka.

Jambo hili linagusa zaidi familia zilizohama kwa sababu ya vita. Nyumba imeachwa, sanduku la karatasi limebaki au limeungua, na kilichookolewa ni picha tu: diploma ya Serikali, kadi ya mchaguzi, cheti cha mtoto cha kuzaliwa, karatasi ya shamba. Picha hizo ziko katika flash moja, au katika mashine ya ndugu aliyewapokea mjini. Siku mashine hiyo inaharibiwa na virusi, hakuna ofisi ya groupement ambako mtu atarudi kesho kuomba nakala. Kwa hiyo, kujua ukuta huo ulitoka wapi na unafanya nini ni jambo la kulinda jina la mtu na mali yake.

Jina lilitoka katika moto wa kweli

Kwenye mashine zinazosema Kifaransa, ukuta huu unaitwa pare-feu. Kwa Kiswahili wengi wanasema ukuta wa moto, na jina hilo linapoteza watu, kwa sababu linaleta picha ya ukuta unaowaka. Maana yake ni kinyume: ni ukuta unaozuia moto usipite. Hapa tutumie ukuta-kinga.

Jina limetoka kwa wajenzi wa nyumba. Mwezi wa tisa mwaka wa 1666, moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate mjini London, Uingereza. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao na zilibanana. Upepo ulikuwa mkali. Kwa siku nne hivi moto uliteketeza nyumba karibu 13,200. Baada ya hapo sheria ya kuujenga upya mji iliamuru kuta za matofali au mawe. Sehemu muhimu ilikuwa ukuta ulio kati ya jirani na jirani, ili nyumba moja ikiwaka isiambukize ya pili.

Wakaaji wa mitaa ya mbao ya Bukavu na Goma hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanajua jinsi kandili moja au jiko moja linavyoweza kumaliza avenyu nzima kabla watu hawajatoa magodoro. Walioishi chini ya mabache ya kambi wanajua hivyo pia. Ndiyo maana mafundi wa kompyuta walichukua neno hilo. Walikuwa wameona moto wa namna nyingine ukiruka kutoka mashine hadi mashine.

Ukuta wa matofali hauzimi moto, na haumzuii mwenye nyumba kujichomea mwenyewe ndani. Kazi yake ni moja: kinachowaka upande mmoja kisivuke upande wa pili. Ukuta-kinga wa kompyuta ni hivyo hivyo.

Usiku wa mwezi wa kumi na moja, 1988

Miaka ya kwanza, intaneti ilikuwa kama kijiji ambamo watu wote wanajuana. Ilikuwa na kompyuta 60,000 hivi, nyingi zikiwa za vyuo vikuu, maabara na jeshi la Marekani. Mashine moja ilipopiga hodi kwa nyingine, ilifunguliwa. Hodi yenyewe ilitosha kuwa kitambulisho.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1988, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe. Programu ya namna hiyo inaitwa mnyoo: haingoji mtu abonyeze kitu, inatambaa yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Huo wa Morris ulipitia makosa yaliyokuwa katika programu za barua na huduma nyingine, na pia ulibahatisha maneno ya siri dhaifu. Haukufuta faili. Lakini ulirudi mara nyingi katika mashine zile zile mpaka zikachoka na kusimama. Inakadiriwa kwamba mashine 6,000 hivi ziliguswa, yaani moja katika kila kumi.

Morris alihukumiwa mwaka wa 1990: miaka mitatu ya uangalizi bila kufungwa gerezani, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Upande wa mafundi, majuma machache tu baada ya tukio, kituo cha kwanza cha dharura za kompyuta, CERT, kilianzishwa katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon. Kazi ya kujenga kuta, ambayo watu wachache walikuwa wameianza, ilipata haraka mpya. Kijiji kilikuwa kimegundua kwamba mgeni mmoja anatosha kuamsha nyumba zote.

Jinsi sentineli anavyofanya kazi

Ili kuelewa walichojenga, ni lazima kujua jambo moja kuhusu intaneti. Kila kinachopita humo, barua, picha au sauti, kinakatwa vipande vidogo, kila kipande katika bahasha yake. Juu ya bahasha kumeandikwa anwani ya aliyetuma, anwani ya anayetumiwa, na namba ya mlango. Kompyuta moja ina zaidi ya milango 65,000 ya namna hiyo. Haionekani kwa macho. Ni namba tu. Kila huduma inangojea kwenye mlango wake: kurasa za intaneti zina wake, barua zina wake, kushirikiana faili kati ya mashine za Windows kuna wake, namba 445.

Ukuta-kinga wa kwanza ulikuwa sentineli anayesoma juu ya bahasha. Jeffrey Mogul, fundi wa kampuni ya Digital Equipment ya Marekani, alikuwa kati ya waliotengeneza chujio la namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Sentineli ana karatasi ya amri: bahasha ya anwani hii ipite, ya mlango ule irudishwe. Alikuwa na udhaifu: hakuwa na kumbukumbu. Kila bahasha aliitazama kama ya kwanza, na mjanja aliweza kuandika juu yake maneno ya uongo, ajifanye anajibu barua ambayo hakuna aliyeituma.

Dawa yake ilikuja katika miaka ya 1990. Mwaka wa 1994 kampuni ya Check Point ya Israeli, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia na Gil Shwed na wenzake wawili, ilianza kuuza ukuta wenye kumbukumbu. Sentineli huyu mpya anaandika daftari. Mtu wa ndani akitoka kwenda kuuliza kitu nje, anaandika: huyu ametoka saa fulani kwenda kwa fulani. Jibu likija, anafungua daftari, analiona, analipitisha. Mgeni asiyeitwa na mtu yeyote wa ndani anabaki nje. Kuta za kompyuta za nyumbani za leo bado zinafuata wazo hilo: anayetoka ndani anaruhusiwa, anayekuja bila kuitwa anazuiliwa.

Lakini kuta hizo zilisimama kwenye lango la kampuni na chuo. Ndani, mashine zote ziliendelea kuaminiana. Bill Cheswick, aliyejenga lango la maabara za Bell, aliandika tangu mwaka wa 1990 kwamba mtandao wa namna hiyo ni kama kitu chenye ganda gumu nje na ulaini ndani. Mfano wake unafanana na yai: ganda likipasuka mahali pamoja tu, yote yaliyo ndani yanamwagika.

Intaneti inaingia sebuleni

Mwishoni mwa miaka ya 1990, familia za Marekani na Ulaya zilianza kuacha intaneti ya kupiga simu na kukata, zikachukua laini inayobaki wazi usiku na mchana. Kompyuta ya sebuleni ikawa nyumba iliyo kando ya barabara kuu, bila lango la kampuni mbele yake. Hapo zikatokea kuta za kuweka ndani ya mashine yenyewe. Iliyojulikana sana ni ZoneAlarm ya kampuni ya Zone Labs, ambayo mtu wa kawaida aliipata bure.

ZoneAlarm ilifanya jambo jipya: iliuliza. Programu ilipotaka kutoka kwenda kwenye intaneti, dirisha lilifunguka: unairuhusu au unaikataza? Wazo lilikuwa zuri, lakini mtu wa nyumbani hakujua majina ya programu zinazofanya kazi chini chini. Alikatazia moja, intaneti ikakatika. Alikatazia nyingine, barua hazikufika. Baada ya siku chache alijifunza kubonyeza ndiyo kwa kila swali bila kusoma. Sentineli anayemwamsha mwenye nyumba mara thelathini kwa usiku mmoja, mwishowe anaambiwa aache geti wazi.

Kulikuwa pia na kinga iliyokuja karibu kwa bahati. Anwani za intaneti zilikuwa zinaelekea kwisha, na mwaka wa 1994 ilitolewa njia ya kufanya mashine nyingi zitumie anwani moja ya nje. Ndivyo vinavyofanya visanduku vya Wi-Fi hadi leo, na kampuni nyingi za simu hufanya hivyo kwa wateja wao. Mgeni asiyeitwa akifika kwenye anwani hiyo, kisanduku hakijui ampeleke kwa nani, kinamwacha. Njia hiyo ilitengenezwa ili kupunguza matumizi ya anwani, si kwa ulinzi, lakini ilipunguza hatari iliyotoka mbali. Haikupunguza hatari iliyo ndani ya Wi-Fi ile ile, meza ya pili.

Mwaka ambao ukuta uliozimwa ulionekana

Tarehe 16 mwezi wa saba mwaka wa 2003, Microsoft ilitangaza kwamba Windows ina tundu katika huduma moja iliyokuwa ikingojea kwenye mlango namba 135, na ikatoa kiraka cha kuliziba. Majuma manne hayajaisha, tarehe 11 mwezi wa nane, mnyoo ulioitwa Blaster ulianza kupita katika tundu hilo. Mwenye mashine hakufungua barua yoyote wala kubonyeza kitu. Kuwa kwenye intaneti kulitosha. Dirisha lilitokea likisema mashine itazimika baada ya sekunde 60, hesabu ikashuka, mashine ikazimika, ikawaka tena, ikazimika tena.

Siku iliyofuata ofisi za magari na leseni za jimbo la Maryland, Marekani, zililazimika kufunga. Hesabu za baadaye za Microsoft yenyewe zilizungumza juu ya mamilioni ya mashine. Mtego mbaya zaidi ulikuwa huu: kiraka kilipatikana kwenye intaneti, na mashine isiyo na kiraka ilishambuliwa mara tu ilipoingia kwenye intaneti kukitafuta. Mwaka wa 2004, wachunguzi wa taasisi ya SANS walihesabu kwamba Windows isiyolindwa ilidumu dakika 20 hivi kwa wastani kabla ya kufikiwa na shambulio.

Shauri ambalo Microsoft yenyewe iliwapa watu lilikuwa fupi: washa kwanza ukuta-kinga, halafu pakua kiraka. Hapo ndipo wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba mashine yao ina ukuta. Ulikuwa humo tangu siku walipoinunua.

Mwezi wa tatu mwaka wa 2004 ulileta fundisho la pili. Mnyoo mwingine, Witty, ulishambulia tundu lililokuwa ndani ya programu za kampuni moja ya ulinzi, mojawapo ikiwa ukuta-kinga wa BlackICE. Tundu lilitangazwa, na mnyoo ulitokea siku moja tu baadaye. Uligusa mashine 12,000 hivi, ukaandika takataka juu ya disiki zao mpaka zikaharibika. Walioumia ni wale waliokuwa wamejilinda. Ukuta nao unapasuka, na usiporekebishwa unakuwa njia.

Mwishoni mwa mwezi wa nne mwaka huo huo ukaja Sasser, kazi ya kijana wa shule nchini Ujerumani. Kiraka kilikuwa kimetolewa majuma mawili na siku chache kabla. Walinzi wa pwani wa Uingereza walijikuta bila ramani zao za kompyuta, wakarudi kwenye ramani za karatasi.

Mwezi wa nane mwaka wa 2004, Microsoft ilitoa kifurushi kikubwa cha marekebisho ya XP, cha pili kwa hesabu. Kati ya mabadiliko yake, moja lilikuwa dogo kulieleza na kubwa kwa matokeo: ukuta-kinga ulitoka umewashwa. Programu kadhaa ziligoma, na Microsoft ikalazimika kutoa orodha yake na maelezo ya kuzifungulia mlango. Watu walilalamika. Lakini tangu siku hiyo mtu asiyejua lolote juu ya milango na bahasha alikuwa na sentineli getini bila kuomba.

Kati ya 2001 na 2004 ukuta ulikuwepo. Kilichobadilika hasa ni hali aliyoukuta mnunuzi alipofungua mashine. Watu wengi hawagusi walichokuta, na hilo lilikuwa na uzito kuliko ufundi wote wa wahandisi.

Kinachopita juu ya ukuta

Baada ya hapo, waliotengeneza minyoo walitafuta njia nyingine. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2008 ulitokea Conficker. Ulipitia tundu la Windows ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa mwezi uliotangulia. Lakini ulikuwa na njia mbili za ziada: ulibahatisha maneno ya siri dhaifu ya mashine zilizoshirikiana faili, na ulijificha katika flash. Mtu alichomeka flash, mnyoo ukaingia ukibebwa mkononi, nyuma ya ukuta wowote ule. Ukishaingia, ulizima masasisho na kufunga njia ya kwenda kwenye kurasa za kampuni za ulinzi. Hata mtandao wa ndani wa jeshi la majini la Ufaransa uliguswa mwanzoni mwa 2009.

Kwa Kongo hii ndiyo sehemu yenye uzito. Mahali ambapo mega ni ghali na umeme unakatika, faili nyingi hazisafiri kwa intaneti, zinasafiri mfukoni. Flash moja inatoka shuleni, inapita sekretariati, inafika kanisani kwa ajili ya nyimbo, inarudi nyumbani. Sentineli wa getini hana habari yake, kwa sababu haikupita getini.

Tarehe 12 mwezi wa tano mwaka wa 2017 ilikuwa zamu ya WannaCry. Huu haukuzima mashine. Ulifunga faili za mtu kwa ufunguo wa siri na kudai dola 300 kwa pesa za kidijitali. Ulipitia mlango 445, ule wa kushirikiana faili. Zaidi ya mashine 200,000 katika nchi 150 hivi ziliguswa kwa siku chache. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa na kuahirisha operesheni. Kiraka kilikuwa kimetolewa tarehe 14 mwezi wa tatu, karibu miezi miwili kabla.

Inawezekanaje, ikiwa kuta zilikuwa zimewashwa? Kwa sababu katika ofisi mlango 445 hufunguliwa kwa makusudi, ili mashine zipeane faili na zitumie imprimante moja. Mnyoo ulipopata mashine moja ndani, zilizobaki zilikuwa zimefunguliana milango. Lilikuwa lile yai la Cheswick, miaka 27 baadaye.

Historia hii inasema nini kwa mashine ya nyumbani leo

La kwanza ni kuhakikisha ukuta haujazimwa. Kwenye Windows 10 na 11 zinazosema Kifaransa, mtu anaandika "Sécurité Windows" mahali pa kutafutia, anafungua, anachagua "Pare-feu et protection du réseau". Ataona mistari mitatu ya mitandao, na kila mmoja lazima useme kwamba pare-feu imewashwa. Ikiwa fundi ameizima ili kazi fulani ipite, aiwashe kabla hajapokea malipo yake. Na programu yoyote ya kuvunja leseni inayodai ulinzi uondolewe kwanza, mwenye mashine ajiulize mgeni wa namna gani anaomba sentineli aondoke ndipo aingie.

La pili ni kuchagua vizuri aina ya mtandao. Windows inatofautisha "Réseau public" na "Réseau privé". Wi-Fi ya sekretariati, ya hoteli, ya shirika, ya jirani, au ya simu inayotumiwa na watu kumi kambini, yote ni public, hata kama mwenye Wi-Fi ni rafiki. Kwenye public, mashine inajificha mbele ya mashine nyingine. Privé ni kwa nyumba ambamo kila mashine inajulikana na mwenye nyumba. Kubonyeza privé ili mambo yaende haraka ni kuwafungulia mlango watu wote walio chumbani.

La tatu ni dirisha linalouliza kama programu iruhusiwe kupokea wageni kutoka mtandao. Mtu asibonyeze "Autoriser l'accès" kwa mazoea, kama walivyofanya watu wa ZoneAlarm. Kama hakufungua programu hiyo mwenyewe dakika ileile, au haijui, akatae. Kukataa kosa kunarekebishwa baadaye. Kuruhusu mvamizi ni vigumu kurekebisha. Wenye antivirusi yenye ukuta wake wahakikishe kwamba mmoja unafanya kazi kweli, hasa pale muda wa majaribio ya bure unapokwisha. Kuwasha kuta mbili pamoja hakuongezi ulinzi. Mara nyingi zinagombana.

La nne ni viraka. Blaster, Sasser, Conficker na WannaCry zote zilipita katika matundu ambayo dawa yake ilikuwa imeshatolewa, mara nyingine kwa majuma, mara nyingine kwa miezi. Windows XP iliacha kupata viraka vya kawaida tangu 2014, Windows 7 tangu mwanzo wa 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia mwisho tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka wa 2025. Mashine za zamani zimejaa mashariki, na si kila mtu ana dola za kununua mpya. Mwenye mashine ya namna hiyo anaweza kuendelea kuandikia na kusomea, lakini asiifanye kabati pekee la karatasi za familia.

La tano ndilo ukuta hauwezi kulifanya kabisa: nakala ya pili. WannaCry iliwaliza wale waliokuwa na faili mahali pamoja tu. Picha za diploma, za kadi ya mchaguzi na za karatasi ya shamba ziwekwe katika flash mbili, na moja kati ya hizo isichomekwe katika mashine za watu. Ikae imefungwa, kwa mama au kwa ndugu anayeaminiwa, mtaa mwingine. Mwenye mega kidogo anaweza pia kujitumia picha hizo kwa barua yake mwenyewe, zikabaki huko.

Hakuna kati ya haya kinachohitaji shule ya ufundi. Kuangalia mistari mitatu ya pare-feu kunachukua dakika moja, na kwenye Windows ya leo mara nyingi mtu atakuta yote imewashwa. Akikuta mmoja umezimwa, basi amuulize aliyegusa mashine hiyo mara ya mwisho, na auwashe kabla ya kurudi kwenye intaneti.